Nusu kwa nusu: habari ya Andromeda tuliyoisoma vibaya

Tarehe 2 Juni 2025 jarida la Nature Astronomy lilichapisha utafiti wa kundi la wanaastronomia lililoongozwa na Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeambiwa kwamba Galaksi ya Andromeda itagongana na galaksi yetu, Njia Nyeupe, baada ya miaka bilioni 4 au 5. Sawala na wenzake walipopiga hesabu upya walipata kwamba uwezekano wa galaksi hizi mbili kuungana ndani ya miaka bilioni 10 ijayo unakaribia nusu kwa nusu, na kwamba uwezekano wa mgongano kutokea katika ule muda uliozoeleka wa miaka bilioni 4 hadi 5 ni kama asilimia 2 tu. Habari hiyo ilisambaa haraka, na katika kusambaa ikazaa kauli mbili ambazo hazimo kwenye utafiti wenyewe. Ya kwanza inasema mgongano umefutwa. Ya pili inasema wanasayansi wamekiri kwamba walitudanganya.

Naona kauli zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Andromeda inakwenda leo kama ilivyokuwa ikienda mwaka 2012, wakati mgongano ulipotangazwa kuwa hauepukiki. Utafiti wa 2025 umepima kitu ambacho tangazo lile lilikiacha pembeni, yaani ukubwa wa kutojua kwetu, na umeonyesha kwamba kutojua huko kunatosha kuruhusu matokeo mawili yaliyo mbali kabisa moja na jingine. Hiyo ni hatua mbele katika sayansi. Anayesoma asilimia 50 kama “hapana” anafanya kosa lilelile alilofanya yule aliyesoma utabiri wa 2012 kama “ndiyo”.

Tuanze na galaksi yenyewe. Andromeda, ambayo katika orodha ya vitu vya angani ya Mfaransa Charles Messier ni M31, ni galaksi ya mzingo, yaani yenye mikono iliyojipinda, iliyo umbali wa takriban miaka milioni 2.5 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Ni miongoni mwa vitu vya mbali zaidi ambavyo jicho la mtu huweza kuviona bila darubini. Abd al-Rahman al-Sufi, mwanaastronomia wa Isfahan, aliiandika katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 kama wingu dogo, na hadi leo ndivyo inavyoonekana: doa hafifu la nuru kwenye anga ya kaskazini. Aliyeko Dar es Salaam, akitoka nje ya taa za mji jioni za Novemba, huiona upande wa kaskazini karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Doa hilo ni nyota mamia ya mabilioni, na linatujia. Hilo la kutujia limejulikana kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1912 Vesto Slipher, katika kituo cha Lowell huko Arizona, aligawanya nuru ya Andromeda katika rangi zake na kukuta mistari yake imesogea upande wa buluu, dalili kwamba chanzo cha nuru kinakaribia. Alipata kasi ya kama kilomita 300 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya kasi hiyo ni mwendo wetu wenyewe, kwa kuwa Jua linazunguka kitovu cha Njia Nyeupe. Ukiuondoa, zinabaki kama kilomita 110 kwa sekunde ambazo kwa kweli zinazikaribianisha galaksi hizi mbili.

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Namba ya Slipher inatuambia jinsi Andromeda inavyotukaribia kwenye mstari wa macho yetu, na haisemi lolote kuhusu mwendo wake wa kwenda pembeni. Kitu kinachokuja kwako moja kwa moja kitakugonga. Kinachokuja huku kikisogea kando kinaweza kukupita. Kwa hiyo swali zima la mgongano linategemea kasi ya pembeni, nayo ni ngumu kuipima kuliko kitu kingine chochote katika habari hii, kwa sababu nuru haibadiliki rangi kwa namna inayosomeka kitu kinapokwenda kando. Inabidi upige picha leo, usubiri miaka, upige tena, kisha uone kama nyota zimehama dhidi ya galaksi za mbali zaidi zilizo nyuma yake. Kipimo cha mwaka 2019 kilichotumia data ya Gaia, chombo cha anga cha Ulaya cha kupima mahali na mwendo wa nyota, kilitoa kasi ya pembeni ya kama kilomita 57 kwa sekunde. Kwa umbali wa Andromeda, kuona mwendo huo ni sawa na kukaa hapa duniani na kutambua kwamba kitu kilichoko Mwezini kimesogea sentimita 3 kwa mwaka mzima. Na kosa la kipimo lilikuwa kama kilomita 30 kwa sekunde juu na chini, zaidi ya nusu ya namba yenyewe.

Ugumu huu uliwahi kuipotosha elimu ya nyota, na kisa chake kinafaa kukumbukwa. Katika miaka ya 1910 na 1920 wanaastronomia walibishana kama haya madoa ya mzingo ni galaksi zilizoko mbali au ni mawingu madogo yaliyomo ndani ya Njia Nyeupe. Adriaan van Maanen, mpimaji aliyeheshimika katika kituo cha Mount Wilson, California, alilinganisha picha za galaksi ya M101, nayo ya anga ya kaskazini, na mwaka 1916 akatangaza kwamba ameiona ikizunguka. Kama ingekuwa inazunguka kwa kiasi cha kuonekana ndani ya miaka michache, basi haiwezi kuwa mbali. Ingekuwa mbali, kingo zake zingelazimika kwenda kwa kasi kupita nuru. Harlow Shapley, aliyeshikilia kwamba madoa hayo si galaksi za mbali, aliichukua hoja hiyo kama silaha katika mjadala wake na Heber Curtis mjini Washington, Aprili 1920. Hoja ilikuwa safi kabisa. Kipimo ndicho kilichokuwa kibovu: mwendo ambao van Maanen aliamini ameuona haukuwepo. Leo tunajua M101 iko kama miaka milioni 21 ya nuru kutoka kwetu. Van Maanen hakuwa mzembe wala mwongo. Alikuwa akitafuta mwendo wa pembeni ulio mdogo kuliko makosa ya vifaa vyake, na vifaa vikampa alichokuwa akikitafuta. Kila ninaposoma namba ya kasi ya pembeni ya galaksi yoyote huwa namkumbuka, na ndiyo maana nadhani kosa la kipimo linapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa sawa na kipimo chenyewe.

Sasa turudi mwaka 2012. Roeland van der Marel na wenzake walitumia picha za darubini ya anga ya Hubble zilizopigwa kwa tofauti ya miaka kadhaa, wakapata kasi ya pembeni ya kilomita 17 kwa sekunde, ndogo kiasi kwamba kwa mipaka ya kosa la kipimo ingeweza hata kuwa sifuri. Andromeda ilionekana kuja karibu moja kwa moja, na mgongano ukakadiriwa kuanza baada ya kama miaka bilioni 4. Ilikuwa kazi nzuri. Waliijumuisha pia galaksi ya tatu, M33, iliyo jirani na Andromeda, na makosa ya vipimo waliyaonyesha wazi katika makala zao za kitaalamu. Tangazo kwa umma, hata hivyo, lilizungumzia hatima isiyoepukika, likaambatana na picha zilizochorwa za anga ya usiku ikijaa galaksi mbili, na picha hizo ndizo zilizoingia katika vitabu vya watoto na filamu za elimu. Kosa lililokuwa limeandikwa kwenye jedwali halikufika huko.

Kundi la Sawala halikwenda na darubini mpya. Lilichukua vipimo bora vilivyopo vya Hubble na Gaia, likatambua vigeu 22 vinavyoweza kuathiri matokeo, likaviacha vibadilike ndani ya mipaka ya makosa yake, na likaendesha mifano ya kompyuta 100,000. Jambo lililobadilisha picha zaidi ni kuliingiza Wingu Kubwa la Magellan katika hesabu. Zamani galaksi hii ndogo, iliyo umbali wa kama miaka 160,000 ya nuru, ilidhaniwa nyepesi mno kiasi cha kutohesabiwa. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba ni nzito, zaidi ya moja ya kumi ya uzito wa Njia Nyeupe nzima ukijumlisha maada yake ya giza, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu. Njia yake inakatiza karibu pembe mraba na njia ya Njia Nyeupe na Andromeda, kwa hiyo inaivuta galaksi yetu kando. M33 inaongeza uwezekano wa kuungana. Wingu Kubwa linaupunguza. Zikiwekwa zote nne pamoja na makosa yao yote, karibu nusu ya mifano inaishia kwenye muungano na karibu nusu inaishia bila muungano ndani ya miaka bilioni 10. Kinachoamua ni jinsi galaksi zitakavyokaribiana mara ya kwanza. Zikipita mbali vya kutosha, kila moja huendelea na safari yake kwa mabilioni ya miaka. Zikipita karibu zaidi, maada ya giza inayozizunguka hufanya kazi ya msuguano, huzipunguzia mwendo, na huzirudisha tena na tena mpaka ziungane.

Kuna jambo hapa linalotuhusu sisi wa karibu na ikweta. Mkazi wa Helsinki au London hawezi kuliona Wingu Kubwa la Magellan hata siku moja akiwa kwao, kwa kuwa liko kusini mno. Jioni ya Desemba, mtu wa Mombasa, Dodoma au Bujumbura akipata giza la kutosha anaweza kuitazama Andromeda kaskazini-magharibi na kisha kugeuka na kulitazama Wingu Kubwa upande wa kusini, yaani pande zote mbili za hesabu hii kwa saa moja na kwa macho yake. Sidhani eneo la mtu linampa elimu, lakini inafaa watoto wetu wajue kwamba habari hii wanaweza kuiona juu ya vichwa vyao.

Zipo hoja nzito dhidi ya kulijali suala hili, na ningependa kuzitendea haki. Iliyo na nguvu zaidi inasema: haya yote hayamgusi mtu yeyote. Jua linaongezeka mng’ao polepole, na baada ya kama miaka bilioni moja dunia itakuwa na joto la kukausha bahari. Baada ya kama miaka bilioni 5 Jua lenyewe litavimba na kuwa jitu jekundu. Tena hata galaksi zikigongana nyota hazigongani, kwa sababu nafasi kati yake ni kubwa mno. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua iko umbali wa miaka 4.2 ya nuru. Nakubali kila neno. Ila hoja hii inachukulia kwamba swali lilikuwa hatima ya dunia, na sivyo. Kujua kama Andromeda itatupita au itatugonga kunalazimisha kujua uzito wa galaksi hizi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maada ya giza ambayo hakuna aliyeiona. Mizunguko ya Andromeda yenyewe, kama Vera Rubin na Kent Ford walivyoipima mwaka 1970, ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowafanya wanaastronomia waanze kuichukulia maada hiyo kwa uzito. Mgongano ni njia ya kuuliza swali. Uzito ndio jibu linalotafutwa.

Hoja ya pili inatoka kwa wanaofuatilia kwa karibu, nayo sina jibu kamili kwake. Wanasema namba 50 inategemea makadirio ya uzito uliyoanza nayo. Ukiifanya Njia Nyeupe nzito zaidi, uwezekano wa muungano unapanda. Ukiifanya nyepesi, unashuka. Ni kweli. Asilimia hiyo haijaandikwa angani kama tabia ya Andromeda. Inaelezea tulichokipima kufikia sasa, na itahama vipimo vikihama. Lakini udhaifu huo unaiunga mkono tafsiri ninayoitetea hapa. Kama namba inaweza kuhama kwa kubadilisha kidogo uzito ndani ya mipaka inayokubalika, basi kulikuwa na sababu gani ya kusema, mwaka 2012, kwamba mwisho unajulikana?

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo iliyosambaa kuliko zote: kwamba wanasayansi kila siku wanageuza maneno, kwa hiyo hawaaminiki. Andromeda inatosha kuijibu peke yake. Oktoba 1923 Edwin Hubble, akiwa Mount Wilson, aligundua ndani yake nyota badilifu ya aina ya Sefeidi. Kwa kutumia kanuni iliyogunduliwa na Henrietta Leavitt wa Harvard, inayofungamanisha muda wa kung’aa na kufifia wa nyota hizo na mng’ao wake halisi, Hubble alikadiria umbali wa kama miaka 900,000 ya nuru. Namba hiyo ilikuwa na kosa kubwa. Mwaka 1952 Walter Baade alieleza kwamba Sefeidi ziko za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa, na umbali ukawa zaidi ya mara mbili. Leo tunasema milioni 2.5. Je, Hubble alidanganya? Hitimisho lake, kwamba Andromeda iko nje ya Njia Nyeupe na kwamba ulimwengu una galaksi nyingi, halijatikisika kwa karne moja, na kila marekebisho ya umbali yameliimarisha. Namba ilibadilika kwa sababu iliyotajwa, iliyochunguzwa na yeyote aliyetaka, na iliyokubaliwa na watu ambao hawakuwa na faida yoyote katika kuikubali. Anayedai kwamba mabadiliko ni dalili ya uongo anaomba elimu isiyojifunza. Na kwa habari hii ya 2025 dai hilo ni bovu zaidi, kwa sababu hakuna kipimo kilichokanushwa. Kasi ya kilomita 110 kwa sekunde ipo palepale.

Hata hivyo lawama haimwishii msomaji. Taasisi kubwa za anga zinajua kwamba “hakika” husafiri mbali kuliko “huenda”, na mwaka 2012 zilichagua “hakika”. Vyombo vya habari vikafuata, na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tukatafsiri vichwa vya habari bila kufungua utafiti wenyewe. Ukiwafundisha watu kwa miaka 13 kwamba jambo ni la hakika, usishangae wakisikia nusu kwa nusu wakadhani mtu ameumbuliwa.

Tabia hii ya kuusoma uwezekano kama ndiyo au hapana haiishii kwenye galaksi. Mwaka 2023 watabiri wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki walitoa utabiri wa mvua za vuli kwa lugha ya uwezekano, wakionyesha kwamba uwezekano wa mvua kupita wastani ulikuwa mkubwa kwa sababu ya El Niño. Mapema Oktoba mwaka huo Rais William Ruto wa Kenya aliwaambia wananchi kwamba utabiri umebadilika na El Niño ya uharibifu haitakuwepo tena. Wiki chache baadaye mito ilifurika, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamepoteza maisha nchini humo. Kupungua kwa uwezekano kuligeuzwa kuwa hakikisho. Mkulima wa Tana River anayeambiwa asilimia fulani anahitaji kujua kwamba upande wa pili wa asilimia hiyo nao upo na unaweza kumfika. Sisemi mtu aliyeielewa Andromeda angehama bondeni mapema. Nasema kwamba tunaandika habari za namna hizi mbili kwa kalamu moja, na Andromeda inatupa nafasi ya kuzoea kuandika uwezekano ipasavyo mahali ambapo kukosea hakumuui mtu.

Nafasi nyingine inakuja. Chombo cha Gaia kilimaliza upimaji wake Januari 2025, na awamu yake ya nne ya data inatarajiwa kutolewa Desemba 2026. Ndani yake mwendo wa nyota za galaksi hizi utakuwa umepimwa kwa muda mrefu zaidi, na kosa la kasi ya pembeni linapaswa kupungua. Namba ya nusu kwa nusu huenda isidumu. Inaweza kuelemea upande mmoja, na vichwa vya habari vitasema mgongano umerudi au umezikwa. La kuuliza siku hiyo ni kama kilichopimwa upya ni kasi au ni uzito, na mpaka wa kosa umebana kiasi gani. Wakati huohuo mifano ile ya kompyuta ina tokeo jingine ambalo karibu halibadiliki ukigusa kigeu chochote, nalo halikupata vichwa vya habari kabisa: Wingu Kubwa la Magellan, lile la upande wa kusini, linatarajiwa kuungana na Njia Nyeupe ndani ya miaka kama bilioni 2, muda mrefu kabla Andromeda haijakaribia.